Goti linakuachia? Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ligamenti za goti na operesheni yake

Kazi yangu ni fizio, yaani tiba ya mazoezi, nipo hapa Mwanza, na kila Jumatatu asubuhi simu inajaa voisi za watu walioumia wikiendi, huyu katoka kucheza ndondo Igoma, yule bodaboda kateleza na mvua pale Buzuruga, na maswali ni yaleyale. Nimechoka kujibu kimoja kimoja kwaio nimeyaweka yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. Goti langu la kushoto nalo lilishapita kisuni, ndio maana kuna sehemu nitaongea kama mtu wa kazi na sehemu nyingine kama mgonjwa mstaafu.

Nilisikia "paa" ndani ya goti nikaanguka, sasa limevimba kama boga. Ni nini hiyo?

Kitu cha kwanza nitakachokuuliza ni saa. Kama lilivimba ndani ya masaa mawili matatu, hadi unafika nyumbani suruali inabana, hiyo mara nyingi ni damu imemwagika ndani ya kiungo, na damu ndani ya goti la mtu aliyegeuka ghafla mimi nawaza ACL, ile ligamenti ya katikati ya goti, kabla ya kitu kingine. Kama ulilala fresh ukaamka asubuhi ndio limejaa, hayo mara nyingi ni maji, inaweza ikawa meniski (gegedu za ndani ya goti) au kitu kingine chepesi zaidi.

Alafu watu wanahangaika kumtafuta aliyewakanyaga, wakati ACL nyingi, kama 7 kati ya 10, zinakatika mtu hajaguswa na yeyote. Unakimbia, unataka kumpiga mtu chenga, daluga imenasa chini, mwili umeenda kushoto mguu umebaki, goti linaingia kwa ndani, imeisha. Au umeruka kichwa ukatua na mguu mmoja. Beki wa watu hana kosa.

Hizo ligamenti ziko ngapi na kila moja inafanya nini?

Kwanza tuelewane maneno maana mtaani kila kitu ni "mshipa". Kinachounga msuli na mfupa ni kano. Kinachounga mfupa na mfupa ni ligamenti. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji mbele kwenye operesheni.

Goti ni mahali ambapo fupa la paja limekaa juu ya mfupa wa muundi, na kwa jinsi lilivyo halina shimo la kushikilia kama nyonga, ni kama umeweka mayai mawili juu ya sahani. Kinachozuia yasiteleze ni kamba. Kubwa ni nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani (MCL) moja upande wa nje (LCL), hizo zinazuia goti lisikunjike kiubavu. Mbili ziko katikati kabisa zimepishana kama msalaba, ya mbele ndio ACL mnayoisikia kwa watangazaji wa mpira, ya nyuma ni PCL.

ACL inaanzia mbele-katikati ya muundi, inapanda kwenda nyuma na nje, inashika ukuta wa ndani wa fupa la paja. Urefu wake ni kama sentimita 3 tu, dagaa wa pale Mwaloni anaizidi. Lakini hiyo ndogo ndio inazuia muundi usichomoke kwenda mbele na ndio inadhibiti goti lisijizungushe ovyo. PCL ni nene na imara zaidi, inazuia muundi usirudi nyuma.

Ukitaka kuelewa fikiria mtumbwi umefungwa kwa kamba mbili zimepishana. Moja ikikatika mtumbwi hauzami na ziwa likitulia huoni tofauti yoyote, ila wimbi likija ndio unaona unavyoyumba na kugonga mawe. Na "mawe" kwenye goti ni meniski, zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinazokaa katikati ya mifupa kama kuzuia mshtuko.

Maumivu yameisha baada ya wiki tatu. Si ndio nimepona?

Hapa ndio nataka unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. ACL iliyokatika haiumi. Kinachouma mwanzoni ni uvimbe na vitu vilivyokwaruzwa, vikitulia unatembea barabarani kama kawaida, unaanza kusema "yule fizio alinitisha". Swali sio linauma au haliumi. Swali ni linashika au linakuachia?

Kuna jamaa alikuja kwangu anakaa Bugarika juu kule kwenye mawe. Kupanda anapanda vizuri tu na ndoo mkononi. Nikamwambia nioneshe unavyoshuka. Akageuka ubavu, akaanza kushuka kama kaa, mguu mbovu unatangulia kila ngazi, mguu mzima unafuata, mkono umeshika ukuta, na yeye mwenyewe hajui kama anafanya hivyo, anasema ndio anavyoshuka siku zote. Siku zote ni tangu mechi ya miezi mitano iliyopita. Nilipompima goti lilikuwa linatembea kama droo.

Kila goti linapokuachia, hata mara moja tu ukishuka daladala, mifupa inasagana na meniski iko katikati inatafunwa. Nimeona watu waliokuja na ACL peke yake wakaondoka, wakarudi baada ya mwaka na ACL pamoja na meniski zote mbili.

Daktari alinivuta mguu tu akasema ACL imekatika, hata MRI sijapiga. Ameotea?

Hajaotea. Kile kipimo kinaitwa Lachman, kiliandikwa na Torg na wenzake mwaka 1976 na mpaka leo kwa mkono uliozoea ni kizuri sana. Unalala, goti linakunjwa kidogo tu kama digrii 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja mwingine unavuta muundi mbele. Goti zima linasimama "tak", kama kamba iliyofika mwisho. Lililokatika linaendelea kuja laini halina mwisho. Lazima apime na mguu mzima ili alinganishe, kama hakugusa mguu wa pili hapo una haki ya kuuliza.

MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ina kazi yake, kuona meniski na hizo nyingine na kupanga operesheni. Eksirei haioneshi ligamenti kabisa lakini usiidharau, inaonesha kama mfupa umevunjika, na kuna kijipande kidogo cha mfupa pembeni kwa nje ambacho kikionekana tu tunajua karibu hakika ACL imeenda. Nitakirudia chini.

Bibi ananikanda na maji ya moto asubuhi na jioni, niendelee?

Siku tatu nne za kwanza hapana, mshukuru bibi sana ila mwambie asubiri. Ndani bado kuna damu, ukiweka moto na kuchua kwa nguvu unaongeza uvimbe. Weka baridi, hata chupa ya maji ya friji iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, inua mguu, funga bandeji isiyobana sana. Na usiweke mto chini ya goti!! Najua raha yake, lakini goti linakaa limekunjwa na baadae kulinyoosha ni vita. Mto weka chini ya kisigino.

Na wale wa "lilitoka nikalirudisha kwa kulivuta", naomba msimruhusu mtu kuvuta goti lililovimba, hujui kama kuna mfupa umevunjika.

Mimi enzi zangu sehemu moja nilikopelekwa walinifunga plasta kuanzia pajani hadi kifundoni wiki 6, wakasema ligamenti itajiunga. Ilipotolewa paja langu lilikuwa kama mkono, goti halikunji, na ligamenti bado imekatika vilevile. Ilinichukua miezi kurudisha msuli ambao sikutakiwa kuupoteza.

Kwani haijiungi yenyewe? Mfupa si unaunga?

Inategemea ni ipi. MCL ya pembeni ndani ina damu nzuri na imezungukwa na nyama, nyingi zinapona kwa kuvaa bresi (kifaa cha kushikilia goti) na mazoezi bila kisu. PCL nayo ikiwa imeumia peke yake wengi wanaendelea bila operesheni, hii ya bodaboda naiona sana, mtu anaanguka goti limekunjwa linapiga chini kwa mbele muundi unasukumwa nyuma.

ACL ndio tatizo. Inaelea ndani ya ule ute wa kiungo, kwaio damu ambayo ingeganda ikawa daraja la kuunga inaoshwa, vipande viwili vinabaki vinaangaliana. Mara chache zinaonekana kujishika zenyewe lakini usipange maisha juu ya hilo.

Basi si waishone tu?

Walijaribu zamani sana. Daktari Mayo Robson wa Leeds Uingereza alishona ya mchimba makaa mmoja mwaka 1895. Kwa miaka mingi watu walishona na nyingi zikaachia. Mwaka 1917 Hey Groves, naye Mwingereza, akaja na wazo jingine, badala ya kushona iliyokufa akachukua utando imara wa pajani akaupitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa. Vifaa vimebadilika, kamera zimekuja, ila wazo tunalotumia leo ni lilelile, unatengeneza mpya unaipitisha palepale ya zamani ilipokuwa.

Kwaio kila aliyekatika ACL lazima akatwe?

Hapana, na daktari akikuambia lazima bila kukuuliza unafanya kazi gani na goti linakuachia mara ngapi, muulize maswali. Sweden walifanya utafiti kwa vijana 121, ukatoka 2010, nusu wakafanyiwa mapema pamoja na mazoezi, nusu wakaanza na mazoezi tu na ruhusa ya kufanyiwa baadae wakihitaji. Baada ya miaka miwili matokeo yalikuwa hayatofautiani kivile, na hata kufika mwaka wa tano karibu nusu ya lile kundi la pili walikuwa hawajagusa kisu.

Mtazamo wangu mimi: kama wewe ni mwalimu, unakaa tambarare, mpira unaangalia tu, fanya mazoezi ya kweli miezi mitatu alafu tuone. Kama unacheza michezo ya kukata kona, au kazi yako ni kubeba magunia ukishuka kwenye ubao wa boti, au goti linakuachia kwenye vitu vya kawaida, au meniski imechanika kwa namna ya kushonwa, au ligamenti zimekatika zaidi ya moja, hapo operesheni inaanza kuwa na maana.

Nifanyiwe haraka au nisubiri?

Subiri goti litulie, uvimbe ushuke, linyooke lote, paja liweze kukaza. Ukiingia thieta goti bado jekundu na gumu unatoka nalo gumu zaidi. Kama ni ACL peke yake haina dharura ya kulala kwenye korido.

Ligamenti mpya wanaitoa wapi? Kwa maiti?

Kuna nchi wanatumia ya marehemu ndio, lakini mara nyingi unajitolea mwenyewe, na hapa ndio ile tofauti ya kano na ligamenti inaingia, unachukua kano unaifanya ligamenti. Sehemu ni tatu. Kano za misuli ya nyuma ya paja, zinatolewa mbili zinakunjwa zinakuwa nene, madaktari wanapenda unene ufike angalau milimita 8 maana nyembamba zina tabia ya kukatika. Au kipande cha katikati cha kano iliyo chini ya pia ya goti, kinatoka na vijipande vya mfupa juu na chini, hicho kinashika kwenye mfupa vizuri sana. Au ya juu ya pia, ya msuli wa mbele wa paja.

Ya chini ya pia ina tabia ya kuacha maumivu ukipiga magoti. Dada mmoja aliniuliza swali ambalo kwenye vitabu sijawahi kulikuta, kwamba ameolewa usukumani na wakwe anawasalimia kwa kupiga magoti, itakuwaje? Nikamwambia hilo hilo kamwambie daktari kabla hajachagua, pamoja na anayeswali na anayepiga magoti kanisani. Akachukuliwa ya nyuma ya paja. Shida ya hii ya nyuma nayo ni kwamba nguvu ya kukunja goti inapungua kwa muda, mkimbiaji wa mbio fupi anaiona.

Siku yenyewe inakuwaje?

Sindano ya mgongo au usingizi kamili. Vitundu vidogo mbele ya goti, kimoja cha kamera kingine cha vifaa, na chale moja ya kutolea kano. Wanakagua meniski, wanasafisha mabaki, wanatoboa njia kwenye muundi na kwenye fupa la paja, wanavuta kano mpya ndani, wanaibana kwa skrubu au kwa kifungo kidogo kinachokaa nje ya mfupa kama kifungo cha shati. Saa moja hadi mbili. Mahali pa kutoboa ndio ufundi wote ulipo, tundu likikaa vibaya kano itakaza au italegea hata iwe nzuri vipi.

Skrubu zinakuja kutolewa?

Kwa kawaida hapana, labda zikusumbue.

Nilisoma wamegundua ligamenti mpya ya goti, ni kweli?

Ahaa, hii naipenda. Mwaka 2013 madaktari wa Leuven Ubelgiji waliielezea vizuri ligamenti moja ya mbele-nje ya goti, magazeti yakaandika kiungo kipya kimegunduliwa. Lakini Segond, Mfaransa, alishaandika mwaka 1879 kuhusu uzi mweupe unaong'aa kama lulu sehemu hiyohiyo, unaokaza muundi ukizungushwa kwa ndani. Na kile kijipande cha mfupa cha kwenye eksirei nilichosema juu kimepewa jina la huyo Segond.

Sio stori ya kunogesha tu. Wapo watu walitengenezewa ACL nzuri kabisa na goti likaendelea kuzunguka, kwa sababu hii ligamenti ya pembeni nayo ilikuwa imeumia. Ndio maana siku hizi kwa vijana wanaorudi michezo ya kugeuka, wengine wanaongezewa mkanda wa pembeni kwa nje wakati huohuo. Utafiti uliotoka 2020 kwa watu 618, wote wakiwa wamewekewa kano za nyuma ya paja, ulionesha waliowekewa huo mkanda kano iliwakatika tena asilimia 4, ambao hawakuwekewa asilimia 11, ndani ya miaka miwili. Kama una miaka 18 na unacheza winga, uliza kuhusu hilo.

Baada ya muda gani narudi uwanjani?

Sio kabla ya miezi 9. Nishagombana na makocha wengi kuhusu hili.

Kano ikiwekwa inakuwa kama mche uliohamishwa, kwanza inanyauka kabla haijashika. Haina damu, mwili unaivamia taratibu unaigeuza iwe ligamenti, na kwenye wiki ya 6 hadi ya 12 ndio inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Bahati mbaya ndio wakati huohuo unajisikia vizuri, uvimbe umeisha, umetupa magongo, washkaji wanakuita mchangani. Utafiti wa Norway wa 2016 ulikuta kila mwezi unaochelewesha kurudi mpaka kufika wa 9 unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Ratiba kwa kifupi, na inabadilika kwa mtu: wiki mbili za kwanza kazi ni kunyoosha goti mpaka liguse kitanda na kukaza paja, ukilemaa hapo utachechemea mwaka mzima. Magongo wiki mbili hadi nne, zaidi kama meniski imeshonwa. Baiskeli ya kukaa, kuchuchumaa nusu, kusimama mguu mmoja. Kukimbia mbele moja kwa moja mwezi wa tatu wa nne. Kuruka na kukata kona baadae. Na kabla ya mechi nakupima, mguu uliokatwa ufikishe angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka, usipofikisha hata kama ni mwezi wa 11 hurudi.

Nakaa mlimani, nitapandaje na magongo?

Nusu ya wagonjwa wangu wako Igogo, Mabatini, Bugarika, hili swali ni la kweli kabisa. Kama una ndugu chini kwenye tambarare nenda kakae kwake wiki tatu, usione aibu. Ukilazimika: kupanda mguu mzima kwanza, kushuka mguu mbovu na magongo kwanza. Mvua ikinyesha yale mawe hayana urafiki, tulia ndani.

Bodaboda je?

Sio mpaka uweze kusimama mguu huo peke yake na kuzuia pikipiki yenye abiria isilale. Na kama inawaka kwa kiki na mguu uliofanyiwa ni wa kulia, tafuta ya kuwasha kwa swichi kwanza.

Mbona mabinti wanaumia zaidi?

Kwenye michezo ileile wanaumia mara 2 hadi 8 zaidi ya wavulana, sababu ni nyingi zimechanganyika, wanavyotua, nguvu za misuli, umbile, homoni, na kusema ukweli hapa kwetu mabinti wanapewa mazoezi ya maana wakiwa wameshachelewa. FIFA wana programu ya kupasha inaitwa 11+, mazoezi 15, dakika kama 20, haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Ukienda asubuhi viwanjani hapa utaona timu zinapasha kwa kuzunguka uwanja mara mbili na kuvuta paja. Inaniuma.

Nianzie wapi hapa Mwanza?

Kituo chako cha karibu, upate rufaa ya Sekou Toure au Bugando, ambayo ndio hospitali ya rufaa ya kanda. Uliza kliniki ya mifupa. Muulize daktari bila kuogopa ameshafanya hizi ngapi, anatumia kano ipi, fizio utafanyia wapi, na kama bima yako inalipa MRI na skrubu au ni mfukoni. Wengine wanapelekwa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hapo kumbuka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, usirudi na basi siku mbili baada ya operesheni mguu umeninginia, damu inaganda. Waambie ndugu wakae na wewe Dar kwanza.

Ni lini nikimbie hospitali usiku huohuo?

Goti limepinda au lilichomoka kabisa kwenye ajali na mguu chini ni wa baridi, umepauka au haufanyi kazi: nyuma ya goti kuna mshipa mkubwa wa damu, huko ni masaa tu, usisubiri asubuhi hata kama goti limerudi lenyewe. Baada ya operesheni: homa, usaha, goti la moto linalozidi kuuma. Shavu la mguu limevimba na linauma, au pumzi inakata.

Naweza kukutumia video ya goti langu?

Tuma. Vaa kaptula, mwambie mtu akupige kwa mbele ukishuka ngazi tatu nne bila kushika kitu, alafu kwa nyuma, alafu umesimama mguu mmoja mmoja ukikunja goti kidogo, mguu mzima kwanza. Mwanga uwepo, sio saa sita usiku na tochi ya simu. Nikikuona unashuka kama yule jamaa wa Bugarika nitakupigia mwenyewe.